Mwindaji kama Msababishi: Tahakiki ya Hoja ya Uwindaji na Mageuko ya Haraka katika Tafiti za Gapi wa Trinidad

Ikisiri

Makala haya yanahakiki hoja kwamba uwindaji huchochea mageuko ya haraka katika makundi madogo ya samaki. Matini zilizohakikiwa ni tafiti za samaki aina ya gapi (Poecilia reticulata) zilizofanywa na John Endler, David Reznick na wenzao katika mito ya Trinidad, pamoja na vitabu viwili vilivyozisimulia tafiti hizo kwa wasomaji wa kawaida. Tahakiki imeongozwa na kielelezo cha hoja cha Stephen Toulmin (1958), kinachotenganisha dai, ushahidi na kiungo kinachoviunganisha. Uchambuzi unaonesha kwamba dai la kuwapo kwa mageuko ya haraka limethibitishwa vizuri. Kiungo kilichotumika mwanzoni, yaani kwamba mwindaji hubadili kundi kwa kuchagua nani wa kumla, kinatosha kueleza rangi za gapi lakini hakitoshi kueleza umri wao wa kukomaa na namna yao ya kuzaa. Ushahidi wa baadaye, uliotolewa na watafiti walewale, unaonesha kwamba sehemu kubwa ya athari ya mwindaji hupitia msongamano wa samaki na chakula kinachobaki. Makala yanahitimisha kwamba usimulizi uliozoeleka umekibakiza kiungo cha kwanza pekee, na kwamba jambo hilo lina madhara pale hoja inapohamishiwa kwenye maji mengine, likiwamo Ziwa Victoria.

Maneno makuu: uwindaji, mageuko, uteuzi asilia, gapi, msongamano, sangara, furu

1.0 Utangulizi

Mito midogo ya Milima ya Kaskazini ya Trinidad huteremka kwa ngazi za maporomoko. Chini ya maporomoko gapi huishi pamoja na samaki wakubwa wanaowala, hasa wa jenasi ya Crenicichla. Juu ya maporomoko, mahali ambapo samaki hao wakubwa hawawezi kupanda, gapi huishi na Rivulus, samaki mdogo ambaye huwawinda kwa nadra na ambaye, anapowinda, huwala zaidi gapi wachanga. Kwa hiyo mto mmoja hutoa mazingira mawili ya hatari, na mpangilio huo hujirudia mto baada ya mto. Caryl Haskins na wenzake (1961) walikwisha kubainisha kwamba madume wa gapi wanaoishi na wawindaji wakali huwa na rangi hafifu kuliko wenzao wa juu ya maporomoko.

Kutokana na mpangilio huo, kumejengwa mojawapo ya hoja zinazorejelewa sana katika biolojia ya mageuko. Hoja hiyo hutamkwa kwa ufupi kwamba uwindaji husababisha mageuko ya haraka, kiasi kwamba mabadiliko ya kurithi yanaweza kupimwa ndani ya miaka michache. Sentensi hiyo ni fupi na ina mvuto. Imeingia katika vitabu vya kiada na katika vitabu vya sayansi vinavyoandikwa kwa ajili ya umma. Kadiri inavyonukuliwa, ndivyo inavyozidi kuchukuliwa kuwa jambo moja lililothibitishwa mara moja.

Makala haya yanaona kwamba sentensi hiyo ina madai mawili. La kwanza ni kwamba makundi ya gapi hubadilika kijeni, kwa haraka, pale hali ya uwindaji inapobadilika. La pili ni kwamba hubadilika kwa sababu ya namna mwindaji anavyochagua mawindo yake. Dai la kwanza linahusu tokeo na dai la pili linahusu njia ya kufikia tokeo hilo. Tatizo linalochunguzwa ni kwamba ushahidi wa dai la kwanza umekuwa ukihesabiwa kuwa ushahidi wa dai la pili.

2.0 Matini na Mkabala wa Tahakiki

Matini za msingi zinazohakikiwa ni makala za Endler (1980), Reznick, Bryga na Endler (1990) na Reznick na wenzake (1997). Pamoja nazo zimesomwa tafiti za baadaye za kundi hilohilo la watafiti, za kuanzia mwaka 1996 hadi 2019, ambazo zinarekebisha au kupinga baadhi ya matarajio ya awali. Matini za usimulizi wa umma ni The Beak of the Finch cha Jonathan Weiner (1994), kilichopata Tuzo ya Pulitzer mwaka 1995, na The Greatest Show on Earth cha Richard Dawkins (2009).

Kwa mujibu wa Toulmin (1958), hoja haipimwi kwa ukweli wa ushahidi wake peke yake. Kati ya ushahidi na dai kuna kiungo, yaani kanuni inayomruhusu msomaji kutoka kwenye kile kilichoonekana na kufika kwenye kile kinachodaiwa. Ushahidi unaweza kuwa thabiti na dai likawa la kweli, lakini kiungo kikawa dhaifu. Mkabala huu unafaa kwa matini za sayansi kwa kuwa unamwezesha mhakiki kuheshimu vipimo vya watafiti na wakati uleule kuhoji hatua ya kifikra inayofuata baada ya vipimo.

3.0 Uchambuzi

3.1 Rangi: mahali ambapo kiungo kinashika

Endler (1980) alifuga gapi katika madimbwi kumi ndani ya nyumba ya vioo. Sakafu za baadhi ya madimbwi ziliwekwa kokoto kubwa na nyingine kokoto ndogo. Baadhi ya madimbwi yaliwekwa Crenicichla, mengine Rivulus, na mengine yaliachwa bila mwindaji yeyote. Baada ya vizazi kadhaa, madoa ya madume yalipungua idadi palipokuwa na Crenicichla, na yaliongezeka palipokuwa na Rivulus au pasipokuwa na mwindaji.

Nguvu ya jaribio hili haiko katika kupungua kwa madoa pekee. Iko katika uhusiano wa madoa na kokoto. Palipokuwa na mwindaji mkali, ukubwa wa madoa ulielekea kulingana na ukubwa wa kokoto, hivyo samaki akafichika. Pasipokuwa na mwindaji huyo, madoa yalielekea kutofautiana na kokoto, hivyo dume akaonekana vizuri kwa majike wanaochagua wenzi. Utabiri mmoja ulitoa matokeo mawili yanayokwenda pande tofauti kwa kutegemea hali mbili zinazoweza kupangwa. Maelezo ya bahati nasibu, yaani kwamba madoa yalibadilika ovyo katika makundi madogo, hayawezi kuzaa mpangilio kama huo.

Endler hakuishia katika madimbwi. Mwaka 1976 alichukua gapi 200 kutoka sehemu ya mfumo wa mto Aripo yenye Crenicichla, akawahamishia katika kijito chenye Rivulus ambacho hakikuwa na gapi kabla ya hapo. Baada ya takribani miaka miwili, madume wa kijito hicho walikuwa na madoa mengi zaidi na makubwa zaidi kuliko madume wa kundi walikotoka.

Katika suala la rangi, kiungo cha hoja ni kifupi na kinaonekana. Mwindaji anatumia macho, anayeonekana huliwa, aliyefichika huzaa. Kati ya jicho la mwindaji na doa la windo hakuna hatua nyingine inayohitaji kuthibitishwa. Ni muhimu kulisisitiza jambo hili, kwa sababu kiungo hiki ndicho kilichoazimwa baadaye na kupelekwa kwenye sifa nyingine ambazo haziko wazi kwa jicho.

3.2 Umri wa kukomaa: kiungo kilichoazimwa

Gapi huzaa watoto hai. Reznick na Endler (1982) walibaini kwamba gapi wanaoishi na wawindaji wakali hukomaa mapema wakiwa na umbo dogo, na majike wao huzaa watoto wengi zaidi na wadogo zaidi kuliko majike wa juu ya maporomoko. Reznick, Bryga na Endler (1990) walikipima kizazi cha gapi waliohamishwa mwaka 1976. Baada ya miaka 11, inayokadiriwa kuwa vizazi 30 hadi 60, wazao wa wahamiaji walikuwa wakikomaa wakiwa wakubwa zaidi, kwa kuchelewa zaidi, na wakizaa watoto wachache na wakubwa zaidi.

Uamuzi bora wa kimbinu katika utafiti huo ulikuwa kuwalea samaki wa makundi yote mawili katika mazingira sawa ya maabara kwa vizazi viwili kabla ya kuwalinganisha. Bila hatua hiyo, tofauti ya ukubwa ingeweza kuwa tofauti ya lishe tu. Samaki aliyeshiba hukua. Hilo si mageuko. Kwa kuwa tofauti zilibaki hata pale chakula, joto na maji vilipolinganishwa, watafiti walikuwa na haki ya kusema kwamba zimerithiwa. Dai la tokeo, kwa hiyo, lilisimama.

Kiungo kilichotumika kilikuwa kwamba Crenicichla hula zaidi gapi wakubwa waliokomaa, ilhali Rivulus hula wachanga. Mahali ambapo watu wazima hawadumu, atakayezaa mapema ndiye atakayeacha wazao. Mahali ambapo wachanga ndio walio hatarini, inafaa kuwazaa wakiwa wakubwa na kuchelewa kuzaa hadi nguvu itoshe. Kiungo hicho kinapatana na akili, na kinafanana kwa sura na kile cha rangi: mwindaji anachagua, na kilichobaki ndicho kinachozaa. Hata hivyo kuna tofauti. Katika rangi, uchaguzi wa mwindaji ulijaribiwa. Katika umri wa kukomaa, uchaguzi huo ulikuwa bado ni nadharia tete iliyotegemea kile kilichojulikana kuhusu mlo wa wawindaji.

Pingamizi moja linaloweza kutolewa ni la udogo wa kundi. Samaki 200 ni mwanzo mdogo, na kundi dogo linaweza kubadilika kwa bahati ya jeni zilizobebwa na waasisi wake. Pingamizi hili linajibiwa na mwelekeo wa mabadiliko. Kama bahati ingekuwa sababu, makundi yangetawanyika huku na huko. Badala yake, kundi lililohamishwa lilisogea kuelekea sifa zilezile zinazoonekana katika makundi ya asili yaliyo juu ya maporomoko, na jaribio la pili katika mto El Cedro lilielekea upande huohuo.

3.3 Kasi: ulinganisho unaohitaji tahadhari

Makala ya Reznick na wenzake (1997) ndiyo iliyoipa hoja hii neno "haraka" kwa maana ya kipimo. Kwa kutumia majaribio ya Aripo na El Cedro, waandishi walikokotoa kasi ya mabadiliko kati ya darwini 3,700 na darwini 45,000. Darwini ni kizio kinachopima mabadiliko ya sifa kwa uwiano katika miaka milioni moja. Kasi hizo zinalingana na zile zinazopatikana wafugaji wanapochagua mbegu kwa makusudi, na ni kubwa mara 10,000 hadi mara 10,000,000 kuliko zile zinazokokotolewa kutoka kwenye visukuku.

Namba hizo ni sahihi kama vipimo, lakini zikisomwa vibaya hupotosha. Philip Gingerich (1983) alionesha kwamba kasi ya mageuko inayopimwa hutegemea urefu wa muda wa kipimo: muda unapokuwa mfupi, kasi huonekana kubwa, unapokuwa mrefu, huonekana ndogo. Sababu ni kwamba katika muda mrefu sifa hupanda na kushuka, na kipimo cha mwisho huonesha tofauti iliyobaki tu, si safari yote. Kwa hiyo kulinganisha miaka 11 ya Aripo na mamilioni ya miaka ya visukuku hakuthibitishi kwamba gapi wana kasi ya pekee kuliko viumbe wa kale. Kinachothibitishwa ni jambo la kiasi zaidi na lenye thamani zaidi: uteuzi asilia unaweza kuleta, ndani ya umri wa mtafiti mmoja, mabadiliko yanayotosha na kuzidi yale ambayo visukuku vinahitaji kuelezwa.

Jambo jingine ambalo usomaji wa haraka huliacha ni tofauti ya jinsia. Katika majaribio hayo, sifa za madume zilibadilika ndani ya miaka minne au pungufu, ilhali za majike zilichukua muda mrefu zaidi. Kusema "gapi walibadilika" kunaificha tofauti hiyo ndani ya neno moja.

3.4 Kiungo kinapojaribiwa

Sifa kubwa ya kundi hili la watafiti ni kwamba lilirudi kukijaribu kiungo chake lenyewe. Reznick na wenzake (1996) waliwatia gapi alama, wakawaachia mtoni na kuwavua tena, ili wakadirie vifo kwa kila ukubwa wa samaki. Kama nadharia tete ya awali ingekuwa sahihi, vifo vya ziada katika maji ya chini vingewaangukia zaidi samaki wakubwa. Haikuwa hivyo. Vifo vilikuwa vingi zaidi kwa samaki wa ukubwa wote, wakubwa kwa wadogo.

Tokeo hilo ni zito kuliko linavyoonekana. Nadharia ya historia ya maisha inasema kwamba vifo vikiongezeka kwa usawa katika umri wote, na kama msongamano hauna athari, umri unaofaa wa kukomaa hauna sababu ya kubadilika. Kwa maneno mengine, kama mwindaji hula bila kubagua, kula kwake pekee hakutoshi kueleza kwa nini gapi wa chini hukomaa mapema. Tokeo lilikuwa limethibitishwa na njia iliyopendekezwa ilikuwa imekosa nguzo.

Nguzo nyingine ilitafutwa katika mto wenyewe. Reznick, Butler na Rodd (2001) walionesha kwamba maeneo yenye wawindaji wakali hutofautiana na mengine kwa mambo zaidi ya wawindaji. Vijito vya juu kwa kawaida ni vyembamba, vimefunikwa na matawi ya miti, hupata jua kidogo na huzalisha chakula kidogo. Vilevile, mahali wawindaji walipo, gapi ni wachache na hukua haraka. Mahali wasipokuwapo, gapi husongamana na hukua polepole. Hivyo mwindaji ana kazi mbili. Anaua, na kwa kuua anawaachia waliobaki chakula. Ni vigumu kuzitenganisha kazi hizo kwa kutazama tu, kwa kuwa huonekana pamoja kila mahali.

Utabiri mwingine nao ulikwama. Nadharia ya uzee ilitarajia kwamba wanyama wanaouawa sana na sababu za nje wazeeke mapema. Reznick na wenzake (2004) waliwalea gapi wa aina zote mbili katika maabara wakakuta kinyume: gapi wanaotoka kwa wawindaji wakali waliishi na kuzaa kwa muda mrefu zaidi. Mwindaji anayesimuliwa kama muuaji tu hawezi kulieleza tokeo hilo.

Hatua iliyofuata ilikuwa kuutazama mto kama kitu kinachobadilishwa na gapi wenyewe. Bassar na wenzake (2010) waliweka gapi wa aina mbili katika mifereji iliyotengenezwa kando ya mto. Gapi waliotoka kwa wawindaji wakali walikula zaidi wadudu wadogo wa majini. Wale wa juu walikula zaidi mwani na mabaki ya mimea. Hivyo aina ya gapi iliyopo huamua kiasi cha mwani na wadudu kinachobaki majini. Mageuko ya samaki hubadili mazingira, na mazingira yaliyobadilika huendeleza mageuko.

Jaribio lililoyapima yote haya kwa pamoja lilianza mwaka 2008 na 2009, gapi walipohamishiwa katika vijito vinne ambavyo havikuwa na gapi wala wawindaji wakali. Katika viwili kati ya hivyo matawi ya miti yalipunguzwa ili jua liingie na chakula kiongezeke, na hivyo athari ya chakula ikaweza kutengwa na ile ya kuondokewa na mwindaji. Mantiki ya jaribio ni wazi. Ikiwa gapi hubadilika kwa sababu tu wameacha kuuawa, uteuzi unapaswa kuwa mkali zaidi siku za mwanzo na kupungua baadaye. Ikiwa hubadilika kwa sababu wamesongamana na kumaliza chakula, mabadiliko yanapaswa kuchelewa hadi msongamano utokee. Matokeo yaliyochapishwa na Reznick na wenzake (2019) yalionesha kuchelewa huko. Mageuko ya historia ya maisha yalifuata kuongezeka kwa samaki na kubadilika kwa mto.

Kwa hiyo, kile ambacho kwa miongo miwili kilielezwa kama kazi ya mwindaji kilikuwa, kwa sehemu kubwa, kazi ya gapi juu ya gapi, ambayo mwindaji alikuwa akiizuia. Dai la tokeo halikuanguka. Uwindaji bado ni chanzo, kwani kuondoka kwake ndiko kulikoanzisha mfululizo wote. Kilichobadilika ni kiungo. Kiungo kilichokopwa kutoka kwenye rangi kimepewa mipaka yake.

3.5 Usimulizi wa hoja na lugha ya msababishi

Weiner (1994) na Dawkins (2009) wanaisimulia hadithi ya gapi kwa ustadi. Wote wawili wanaijenga juu ya Endler, kokoto na madoa yake, na juu ya nguvu mbili zinazovutana: jike anayependa dume mwenye rangi na mwindaji anayemwona dume huyohuyo. Dawkins anaendelea hadi kwa Reznick aliyerudi katika kijito cha Aripo miaka baadaye. Uchaguzi huo wa kifani unaeleweka. Rangi huonekana, wahusika ni wachache, na mgogoro una pande mbili. Msongamano hauna sura, na chakula kilichopungua hakina meno. Weiner aliandika kabla ya vipimo vya 1996 na halaumiwi kwa kutovijua. Dawkins aliandika baada yake, lakini kitabu chake kilihitaji mfano wa wazi wa uteuzi asilia, si historia ya namna mfano huo ulivyorekebishwa. Tokeo la uchaguzi huo ni kwamba msomaji anapokea rangi na umri wa kukomaa kana kwamba vina njia moja.

Katika Kiswahili suala hili lina sura yake. Kitenzi cha Kiswahili humlazimisha msemaji kutaja uhusiano wa mtenda na tendo. Linganisha sentensi tatu: "Gapi walijibadilisha ili kumkwepa mwindaji", "Gapi walibadilishwa na mwindaji", "Katika kundi, gapi wanaokomaa mapema waliongezeka." Sentensi ya kwanza, kwa kiambishi cha kujirejea na kiunganishi cha kusudi, inampa samaki nia asiyokuwa nayo. Ya pili, kwa kiambishi cha kutendwa, inampa mwindaji kazi yote. Ya tatu pekee ndiyo inayosema kilichopimwa, nayo ndiyo ndefu na isiyo na mvuto. Haishangazi kwamba maelezo ya darasani hukimbilia mbili za kwanza.

Methali inayojulikana sana, "Samaki mkunje angali mbichi," inaonesha kina cha tatizo. Methali hiyo humweka samaki mmoja mikononi mwa anayemkunja, na umbo jipya hutokea katika mwili wa samaki huyohuyo. Kama mfano wa malezi inatosha. Kama kielelezo cha kichwani cha mageuko, inapotosha, kwa sababu katika Aripo hakuna gapi hata mmoja aliyekunjwa. Kila samaki alizaliwa, akaishi na kufa na jeni zake. Kilichobadilika ni hesabu ya waliobaki. Neno "mwindaji" nalo, ambalo kwa asili humtaja mtu mwenye mkuki au mtego, huleta pamoja nalo dhana ya mtu anayechagua. Vipimo vya mwaka 1996 vinaonesha kwamba, kwa habari ya ukubwa wa gapi, uchaguzi huo haukuonekana.

3.6 Kuhamishwa kwa hoja: Ziwa Victoria

Uzito wa tofauti kati ya tokeo na njia unaonekana hoja inapohamishiwa kwenye maji yasiyoruhusu majaribio. Sangara (Lates niloticus) aliingizwa katika Ziwa Victoria kuanzia miaka ya 1950. Katika miaka ya 1980 aliongezeka kwa kasi kubwa, na spishi nyingi za furu zikatoweka au zikapungua mno. Baadhi ya furu walijitokeza tena baadaye. Witte na wenzake (2008), waliotumia sampuli za Ghuba ya Mwanza, walionesha kwamba umbo la Haplochromis pyrrhocephalus lilikuwa limebadilika ndani ya miongo miwili: matamvua yaliongezeka ukubwa na mlo ulihamia kwenye mawindo makubwa zaidi. Dagaa nao walionekana kukomaa wakiwa wadogo kuliko zamani.

Msomaji aliyelelewa na sentensi fupi ya Trinidad atasema mara moja kwamba sangara ndiye aliyefanya hivyo. Mabadiliko yapo, na sangara yumo. Lakini katika kipindi hichohicho maji ya ziwa yalirutubika kupita kiasi, yakawa na ukungu, na oksijeni ikapungua katika kina. Seehausen, van Alphen na Witte (1997) walionesha kwamba ukungu huo peke yake hudhoofisha uwezo wa furu kuchagua wenzi kwa rangi na hivyo hupunguza utofauti wa spishi. Matamvua makubwa ni sifa inayotarajiwa penye upungufu wa oksijeni, hata kama sangara asingekuwapo. Kwa dagaa, nyavu za wavuvi nazo ni chanzo cha vifo. Tena, tofauti na Aripo, hakuna ziwa la pili la kulinganisha, na samaki waliohifadhiwa katika chupa za makumbusho hawawezi kulelewa pamoja na wa leo ili ijulikane kilichorithiwa na kilichotokana na lishe au hewa.

Jambo hili si la nadharia pekee. Ikiwa sangara ndiye msababishi wa pekee, basi kumvua kwa wingi kutatosha kuwarejesha furu. Ikiwa ukungu na oksijeni vina sehemu yao, ziwa litakalopunguziwa sangara bila kupunguziwa mbolea na majitaka yanayoingia litabaki na furu wachache wa aina zinazofanana. Sera mbili tofauti zinatokana na viungo viwili tofauti vya hoja, ingawa tokeo linaloonekana kwenye wavu ni lilelile. Trinidad haitoi jibu kwa Ziwa Victoria. Inachotoa ni mfano wa swali linalopaswa kuulizwa, na onyo kwamba hata penye vijito vya kulinganisha na maabara ya kulelea samaki, ilichukua zaidi ya miaka 20 kugundua kwamba njia iliyodhaniwa haikuwa njia yote.

4.0 Hitimisho

Tahakiki hii imeonesha kwamba hoja ya uwindaji na mageuko ya haraka ni hoja mbili zilizofungwa pamoja. Dai kwamba makundi madogo ya gapi hubadilika kijeni ndani ya miaka michache, uwindaji unapobadilika, limethibitishwa kwa majaribio yaliyorudiwa na kwa malezi ya maabara. Dai kwamba hubadilika kwa sababu ya uchaguzi wa mwindaji ni la kweli kwa madoa ya madume. Kwa umri wa kukomaa na namna ya kuzaa, ni sehemu tu ya maelezo, na sehemu nyingine ni msongamano, chakula na mto uliobadilishwa na samaki wenyewe.

Usimulizi wa umma na lugha ya kufundishia vimelibakiza dai la pili katika sura yake ya mwanzo. Kwa hiyo makala yanapendekeza mambo mawili. Kwanza, maandishi ya Kiswahili yanayoeleza mageuko yatumie sentensi zinazolifanya kundi kuwa kiima cha mabadiliko, na yaepuke viambishi vya kujirejea na kusudi pale ambapo hakuna nia. Pili, tafiti zinazohamisha hoja hii kwenye maziwa ya Afrika Mashariki zitaje waziwazi ni kiungo kipi zinachokitumia, na ni ushahidi gani ungekikanusha. Mwindaji abaki katika maelezo, kwa kuwa ana nafasi yake. Asipewe nafasi ya wote.